Kuzalisha sungura: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jike, mimba na watoto wachanga

Majibu haya yanawahusu wafugaji wadogo, wenye majike watatu au wanne nyuma ya nyumba, au ishirini pembeni ya shamba. Yamefuata mwendo wa uzazi wenyewe, tangu kupandisha hadi kuachisha kunyonya. Siku kumi za kwanza baada ya kuzaa zimepewa nafasi kubwa kuliko mengine, maana ndizo zinazoua watoto wengi, na mara nyingi chanzo si ugonjwa bali ni maji, sanduku au baridi.

Jike wangu ana miezi minne na anaonekana mkubwa. Nimpandishe?

Inategemea mbegu, yaani aina ya sungura. Wenye mwili mdogo wanaweza kuanza kwenye miezi 4 hadi 5. New Zealand White na California, ambao wamejaa mabandani Tanzania na Kenya, wasubiri miezi 5 hadi 6, wakiwa na kilo 3 hivi. Flemish Giant hukawia kukomaa, mwache afike miezi 8 au 9. Dume mwongezee kama mwezi mmoja juu ya umri huo.

Jike mdogo atashika mimba bila taabu. Shida huja baadaye: anazaa watoto wachache, maziwa hayatoshi, na yeye mwenyewe anadumaa. Kuchelewa sana nako kuna hasara yake. Jike anayekaa bila kuzaa mpaka anavuka mwaka hunenepa kwa ndani, na aliyenenepa hivyo hushika mimba kwa shida.

Sungura ana siku za joto kama ng'ombe?

Hana mzunguko wa namna hiyo. Mayai yake hutoka kwa sababu ya kupandwa, saa 10 hadi 13 baada ya tendo lenyewe. Hata hivyo zipo siku anakubali na siku anakataa. Mgeuze uangalie uke: ukiwa mwekundu au wa zambarau, umevimba kidogo na una unyevu, mpeleke. Ukiwa umepauka na mkavu, subiri siku mbili tatu.

Nani anapelekwa kwa nani?

Jike anapelekwa kwa dume, siku zote. Jike ana wivu na kizimba chake, na dume akiingizwa humo anaweza kung'atwa vibaya, hata sehemu za siri. Dume naye akiwa ugenini hupoteza muda kunusa kila pembe.

Simama uangalie. Tendo likikamilika dume huanguka ubavuni, wakati mwingine na mlio mdogo, na yote huisha ndani ya dakika chache. Mrudishe jike kwake, kisha saa chache baadaye siku hiyohiyo mpeleke tena. Mara ya pili huongeza uwezekano wa mimba. Jike anayekimbia au kulalia tumbo pembeni bila kuinua mkia mtoe, ujaribu kesho; kuwaacha pamoja usiku kucha kunakupa sungura wenye majeraha na tarehe usiyoijua. Tarehe iandikwe palepale, hata kwa chaki juu ya mlango wa kizimba. Kila kitu kinachofuata kinahesabiwa kutoka hapo.

Dume mmoja anatosha majike wangapi?

Kumi, ikiwa hapandishi zaidi ya mara tatu au nne kwa wiki.

Kila mwaka kuanzia Februari majike wangu hawashiki mimba. Nipo Dar es Salaam. Tatizo nini?

Joto, na mwenye tatizo huenda ni dume. Sungura hustawi kwenye nyuzi 15 hadi 20 hivi. Mchana wa pwani kati ya Januari na Machi hupita 30, na joto hilo huharibu mbegu za dume. Kwa kuwa mbegu mpya huchukua wiki kadhaa kukomaa, anaweza kubaki mgumba kwa wiki 6 hadi 8 hata baada ya mvua kupoza hewa. Watu wanauza majike wazuri kwa kosa la dume.

Paa la makuti ni bora kuliko bati tupu. Ukiwa na bati, tandika makuti au nyasi juu yake, na liinuliwe ili upepo upite chini. Chupa ya plastiki yenye maji yaliyogandishwa, ikiwekwa ndani ya kizimba saa sita mchana, sungura ataiegemea mwenyewe. Kupandisha kufanyike alfajiri. Wafugaji wa Lushoto, Njombe au Limuru hawaijui adha hii. Wao wanapambana na baridi kwenye sanduku la watoto.

Nitajuaje kama ameshika mimba?

Kwa kupapasa, kati ya siku ya 10 na ya 14. Mshike jike ametulia juu ya meza yenye gunia ili asiteleze, mkono mmoja umeshika ngozi ya mabega, wa pili upite chini ya tumbo mbele ya nyonga. Bonyeza polepole kwa kidole gumba na vidole vya upande wa pili. Mimba huhisika kama gololi laini zilizojipanga pande mbili, zinazoteleza ukizigusa. Mavi nayo ni ya mviringo, lakini ni madogo, magumu, na yako juu zaidi karibu na uti wa mgongo. Baada ya siku ya 14 acha kupapasa, usije ukaumiza watoto. Mkono huzoea, na mahali pazuri pa kuanzia ni jike unayejua hana mimba, ili ujue tumbo tupu likoje.

Wengine humrudisha jike kwa dume na kusema akikataa basi ana mimba. Kipimo hicho hakiaminiki. Wapo wenye mimba wanaokubali na wasio na mimba wanaokataa.

Ameanza kunyofoa manyoya siku ya 17. Anazaa mapema?

Hiyo ni mimba ya uongo. Mayai yalitoka lakini hayakurutubishwa, au alipandwa na jike mwenzake waliokaa kizimba kimoja. Hudumu siku 16 hadi 18, anajenga kiota, maziwa yanaweza kuingia, kisha inaisha yenyewe. Mara baada ya hapo hukubali dume kwa urahisi, kwa hiyo usiiache nafasi hiyo ipite.

Jike mwenye mimba ale nini? Na ni kweli akila majani mabichi hahitaji maji?

Si kweli, na imani hii ndiyo ninayoipiga vita kuliko zote. Sungura anakunywa maji. Mwenye mimba anakunywa zaidi, na anayenyonyesha watoto wanane kwenye joto anaweza kumaliza lita 2 au zaidi kwa siku. Maziwa yanatengenezwa kwa maji. Jike mwenye kiu anapunguza kula, maziwa yanakauka, na usiku wa kuzaa kiu inaweza kumfanya ale watoto wake. Weka chombo kizito asichoweza kupindua, au chupa yenye chuchu ya chuma. Kihakikishe jioni, kwa sababu sungura hula na kunywa zaidi usiku.

Kwa chakula, nyasi kavu ziwepo muda wote. Majani ya viazi vitamu, ya karanga, kishona nguo na mchunga ni mazuri, yakinyaushwa kwa saa kadhaa kabla ya kupewa. Peleti za sungura zenye protini ya asilimia 16 hadi 18 husaidia sana jike anayenyonyesha. Kama hazipatikani, pumba ya ngano au ya mahindi ikichanganywa na mashudu kidogo hufaa. Wiki mbili za kwanza za mimba usiongeze kitu, asije akanenepa. Ongeza kuanzia wiki ya tatu, na baada ya kuzaa panda pole pole mpaka ale atakavyo.

Majani ya parachichi, ya nyanya na ya viazi mviringo ni sumu. Mahindi au pumba yenye ukungu pia, hata kama kuku wanaonekana kuyala bila shida.

Sanduku la kuzalia liweje, na liingizwe lini?

Liingizwe siku ya 28. Mapema zaidi atalifanya choo, na kiota chenye mkojo kinaua watoto kwa baridi na vidonda.

Kwa New Zealand White au California, urefu wa sentimita 45, upana 30 na kina 30 unatosha. Awe na nafasi ya kugeuka tu. Likiwa kubwa mno, watoto hutawanyika na kupoa, au mama hufanya makazi yake humo. Upande wa kuingilia ukatwe ubaki na kizingiti cha sentimita 15. Kizingiti hiki kina kazi kubwa kuliko kinavyoonekana: mama akiruka nje wakati mtoto bado amening'inia kwenye chuchu, mtoto hugonga ubao na kudondokea ndani. Sungura habebi watoto kwa mdomo kama paka. Mtoto aliyetoka nje ya sanduku hatarudishwa na mama yake.

Mbao zinafaa kuliko bati. Toboa matundu madogo chini mkojo upite, weka maranda makavu kiasi cha vidole vitatu, kisha jaza nyasi kavu laini. Maranda ya fundi seremala ni sawa, lakini vumbi la msumeno huingia puani na machoni mwa watoto. Pamba na vitambaa vya nyuzi viache, huwanyonga shingo na miguu. Yeye mwenyewe atamalizia kwa manyoya ya kifuani na tumboni, na kwa kuyanyofoa anazifunua chuchu.

Siku 31 zimetimia na hajazaa.

Subiri. Wengi huzaa siku ya 31 au 32, lakini 28 hadi 34 zote ni kawaida. Zikipita 34 huku umehakikisha ana mimba, muite daktari wa mifugo. Mara nyingi ndani kuna mtoto mmoja au wawili tu, wamekuwa wakubwa kupita kiasi. Usivute kitu kwa mkono.

Kuzaa kwenyewe ni usiku wa manane au alfajiri, na huisha ndani ya nusu saa hivi. Usikae na tochi kumsubiri.

Nimeamka nikakuta watoto juu ya wavu, wamepoa kabisa. Wamekufa?

Pengine bado. Mtoto wa sungura huzaliwa uchi, haoni wala hasikii, ana gramu 40 hadi 60, na hawezi kujipa joto. Aliyepoa huwa wa kijivu, mkavu, hajongei, na watu huwatupa wakiwa hai. Mkumbatie ndani ya nguo kwenye ngozi yako, au mlaze juu ya chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo. Unaweza pia kumtumbukiza hadi shingoni kwenye maji yenye joto la mwili, kisha ukamkausha vizuri. Mpe nusu saa. Rangi ikirudi na akianza kujinyonganyonga, mrudishe katikati ya wenzake. Asirudishwe akiwa baridi, atawapoza wengine.

Kisha tengeneza kiota mwenyewe, na kama hakunyofoa manyoya, nyofoa kiasi tumboni mwake. Wakati huu hutoka bila kumuumiza. Majike wa uzao wa kwanza hufanya hivi mara nyingi. Mpe nafasi ya pili, hata ya tatu. Anayerudia mara tatu bila sababu ya wazi ni wa mchuzi.

Nikiwashika watoto, mama hatawakataa?

Hatawakataa. Ni lazima uwakague siku hiyohiyo, sio hiari. Mpe mama kitu anachokipenda, osha mikono, jipake nyasi za kizimba chake, kisha funua kiota. Ondoa waliokufa, kondo la nyuma na nyasi zenye damu, kwa sababu harufu hiyo huita siafu na panya. Hesabu, funika tena. Baada ya hapo chungulia kila siku kwa dakika moja. Kinachomkera jike ni kelele, mbwa na msururu wa watoto wa jirani wanaokuja kutazama.

Simuoni akinyonyesha. Hata sandukuni haingii. Amewatelekeza?

Hajawatelekeza. Sungura hunyonyesha mara moja kwa siku, nadra mara mbili, kwa dakika 3 hadi 5, usiku au alfajiri. Maziwa yake yana mafuta na protini nyingi kuliko ya ng'ombe mara kadhaa, kwa hiyo mlo mmoja unatosha saa 24. Porini kukaa mbali na kiota ni njia ya kutowaonesha maadui mahali watoto walipo.

Angalia matumbo ya watoto, usimwangalie mama. Aliyenyonya ana tumbo la mviringo, ngozi imenyooka, na siku za kwanza weupe wa maziwa unaonekana kupitia ngozi. Mwenye njaa ana mikunjo, na ukimgusa anaruka juu akitafuta chuchu. Wakikosa kwa saa 24, mshike mama mlaze kwa upole juu ya sanduku, au mweke ndani na kumzuia dakika tano huku ukimpapasa kichwa. Fanya hivyo asubuhi na jioni mpaka azoee.

Amekula watoto wake. Ni kwa sababu alikosa nyama?

Sungura hali nyama. Sababu ni kiu, hofu, au mtoto aliyekuwa tayari amekufa na mama akawa anasafisha kiota. Wakati mwingine ni ugeni wa kuzaa tu: anakula kondo, anapitiliza. Tafuta kwanza chombo cha maji, halafu uliza nini kilipita bandani usiku ule.

Amezaa 12. Ana chuchu 8.

Mgawie mwenzake. Ndiyo maana inafaa kupandisha majike wawili au watatu siku moja. Hamisha watoto ambao umri wao haupishani na wa mlezi zaidi ya siku mbili tatu. Chukua walioshiba na wenye nguvu, maana dhaifu watashindwa kugombea kwa mama mpya. Mtoe mlezi kizimbani, wachanganye na wake, wafunike manyoya yake, na mrudishe baada ya saa moja harufu ikiwa imeshakuwa moja. Bila mlezi, wanane watanenepa na wanne watanyauka, na hakuna vitamini itakayobadilisha hilo.

Mama amekufa. Niwape maziwa gani?

Mlezi kwanza, hata kwa kuomba kwa mfugaji jirani. Ikishindikana, maziwa ya mbuzi ya uvuguvugu kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mara mbili kwa siku. Wiki ya kwanza kama mililita 2 hadi 2.5 kila mlo, wiki ya pili 5 hadi 7, ya tatu unaongeza mpaka 10 au kidogo zaidi. Mtoto akae wima, tone kwa tone. Yakiingia mapafuni amekwisha. Baada ya kila mlo mpanguse sehemu ya haja kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, la sivyo hakojoi. Wengi hufa hata mtu akijitahidi. Ni vizuri kulijua hilo kabla ya kukosa usingizi wiki mbili.

Siafu wamemaliza mzao mzima kwa usiku mmoja. Nifanyeje?

Kila mguu wa banda uingie kwenye kopo lenye oili chafu, na majani yasiguse banda kutoka pembeni, maana siafu hupita humo. Kopo lisafishwe kila wiki. Majani makavu yakijaa ndani yanakuwa daraja. Panya, nyoka na nguchiro wanazuiwa kwa wavu wa matundu madogo. Ule wa kuku una matundu makubwa mno, na ukiwa sakafuni unakata nyayo.

Siku ya 12 imefika na mtoto mmoja hajafungua macho.

Macho hufunguka siku ya 10 hadi 12. Yaliyoshikwa na usaha yafute kwa maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa na chumvi kidogo, uyaachanishe polepole, urudie kesho. Ukiyaacha anapofuka. Kisha badilisha nyasi zote za sanduku, maana chanzo kiko humo.

Titi la mama ni gumu, jekundu, la moto.

Ni ugonjwa wa titi, unaletwa na bakteria wanaoingia kupitia mikwaruzo. Watoto watakuwa wanalia njaa. Daktari aje siku hiyohiyo. Watoto hawa usiwapeleke kwa mlezi, watamwambukiza.

Hapa niseme jambo la dawa kwa jumla. Amoksilini na dawa nyingine za jamii ya penisilini zikipitia mdomoni huua sungura, kwa kuharibu wadudu wema wa tumbo. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronili inaua pia. Muuzaji wa duka la dawa za mifugo anayejua kuku na ng'ombe huenda hayajui haya, kwa hiyo mtajie kwamba mgonjwa ni sungura kabla hajafungua kabati. Kwa upele wa masikio na pua, sindano ya ivamektini chini ya ngozi hufanya kazi, kwa kipimo cha mtaalamu na baada ya kupima uzito.

Niwaachishe lini?

Wanatoka sandukuni wenyewe siku ya 15 hadi 18 na kuanza kutafuna. Toa sanduku karibu na siku ya 21. Maeneo ya baridi ongeza siku chache. Kuachisha ni wiki 5 hadi 6. Wenye peleti za uhakika huachisha wiki ya 4. Kwa mtu anayetegemea majani sioni haraka ya nini.

Mhamishe mama, watoto wabaki wanapopajua, na chakula kisibadilike wiki hiyo. Waliodumaa wabaki na mama siku chache zaidi. Kuhara huja sasa, na mara nyingi ni koksidiosisi, ugonjwa wa vijidudu vya utumbo unaosambaa kwa mavi. Ndiyo maana majani yatundikwe, yasimwagwe sakafuni. Dawa za jamii ya salfa kwenye maji husaidia zikianza mapema.

Nimpandishe tena lini?

Jike anaweza kushika mimba ndani ya saa 24 baada ya kuzaa. Kwa hiyo dume asikae naye kabisa, utaua jike kwa mimba juu ya maziwa. Kwa lishe ya kawaida ya nyumbani, mpandishe watoto wakiwa na wiki 5 au 6. Hiyo ni mizao minne hadi mitano kwa mwaka. Akionekana mgongo umetokeza, pumzisha.

Watoto watenganishwe jinsia kabla ya miezi mitatu. Bonyeza kidogo juu ya tundu la haja: la dume hutokeza duara kama kibomba, la jike ni mpasuo ulioelekea mkiani. Dume wa kuzalishia nunua mbali, asiwe ndugu wa majike wako.

Kuna mtu anaahidi kununua watoto wote nikinunua mbegu kwake. Nikubali?

Muulize anawauzia nani baada yako. Kama mnunuzi wake ni mfugaji mpya tu, mnyororo huo utakatika. Kenya waliiona kwa kware 2013 na 2014. Soko la nyama ulipime mtaani kwako: Wasabato hawali sungura, Shia Ithnaasheri hawali, wakati Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ni wengi pwani, wanaruhusiwa akichinjwa kisheria. Anza na majike wawili, wauze au wale watoto wao, ndipo uongeze vizimba.